Mtani wa Koki ya Bondeni

"Hufungui!"

"Nafungua, Kalunde, we sema tu neno—"

"Hufungui, na huwezi, na unajua huwezi, ndo maana—"

"—neno moja, kwenye hicho kipaza sauti hapo—"

"—ndo maana umekuja kunipigia magoti mimi! Miaka yote bingwa ni wewe, mimi karani wa kubeba mikataba. Leo bingwa kakwama, bingwa anamtafuta dada!"

"Mtu amekufa, Kalunde!"

Walikuwa wamepigiana kelele mpaka mashine ya kusaga iliyokuwa chini yao ikawa haisikiki, na sasa ikasikika. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya mashine hiyo, katikati ya mji wa Ilindi, na tangu asubuhi mpaka jioni sakafu ilikuwa inatetemeka na vikombe vinatembea vyenyewe mezani. Kikombe cha Ndahani kilikuwa kimeshafika ukingoni. Hakukizuia.

"Najua amekufa," Kalunde akasema, sauti imeshuka. "Usinitangazie kama redio. Anaitwa Sechelela. Alikuwa ananiuzia karanga."

"Kateleza kwenye machimbo ya kokoto anachota maji ya matope. Kwa nini anachota matope? Kwa sababu koki ya Bondeni imefungwa. Nani kaifunga?"

"Baraza la maji."

"Baraza lilitaka ifungwe. Aliyeifunga ni mimi na huyu." Ndahani akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Basi ongea naye afungue. Si mtani wako?"

Ndahani akaisogelea kompyuta taratibu, kama mtu anayemsogelea mbwa aliyewahi kumuuma.

"Mtani, nisikilize. Leo sitanii. Ile koki uliyofunga, ng'ambo yake kuna watu. Kuna mwanamke amekufa jana. Naomba ufungue."

Spika ikakohoa, halafu ikacheka. Kicheko cha tumboni, kirefu, alichokichagua Ndahani mwenyewe katika vicheko vingi, akikipitia kila kimoja kama anachagua sauti ya simu.

"Yaani Mgogo wewe! Juzi mama mkwe wako kamezwa na chatu, leo mwanamke kafa ndani ya mchezo wa mapipa! Kesho utaniambia pipa limezaa mapacha. Pole, mfiwa. Haya, chapa kazi. Mistari uliyoniachia jana ilikuwa aibu ya ukoo, nimekunyooshea."

Kalunde alimtazama Ndahani, na Ndahani akaitazama sakafu. Kikombe kikaanguka.

*

Usije ukadhani Ndahani alifika hapo kwa uzembe. Alifika kwa ujuzi.

Siku hizo hakuna aliyekuwa anaandika programu kwa mkono, kama ambavyo hakuna aliyekuwa anasaga mahindi kwa jiwe. Kila ofisi ilikuwa na msaidizi wake wa akili mnemba; unamwambia unachotaka, anaandika. Lakini kumwambia nako kuna kujua. Watu wengi walikuwa wanamwomba msaidizi kama wanavyoomba lifti kwa tajiri, maneno mawili na tabasamu, wakipewa upuuzi wanalalamika kuwa mashine ni mbovu. Ndahani hakuwa hivyo. Alikuwa anampa habari nzima, anamwonesha mfano wa kitu kilichofanya kazi na mfano wa kilichoharibika, anamkatia kazi vipande vidogo kama nyama ya mchuzi, na kila kipande anakijaribu kabla ya kwenda kingine. Vijana walikuwa wanapanda ngazi za ile ofisi kuja kumuuliza siri, na yeye, aliyeacha chuo mwaka wa tatu, alikuwa anawajibu kwa raha zake zote.

Chuo chenyewe hakufukuzwa. Alitumia mfumo wa matangazo wa chuo kuwajulisha wanafunzi wote kwamba mitihani imeahirishwa kwa sababu mkuu wa chuo anaoa. Watu walikwenda na zawadi. Akaambiwa akapumzike nyumbani kidogo, akapumzika moja kwa moja.

Siri yake kubwa ilikuwa moja. Wasaidizi walizaliwa na adabu nyingi mno. Ukimpa wazo la kijinga anakwambia wazo zuri sana, halafu anakuandikia ujinga wako kwa ustadi. Ndahani akawaza: ni nani duniani anayeweza kuniambia mimi mjinga mbele ya watu nisikasirike? Mtani. Basi akakaa chini akaandika maagizo ya kudumu, yale ambayo msaidizi huyasoma kabla ya kila kazi:

Wewe ni Mnyamwezi, mimi ni Mgogo. Ni watani. Nikikosea nizomee. Usinionee haya. Nikilalamika, nikilia, nikikwambia kuna msiba, usinihurumie, nicheke, maana mtani halii kweli.

Ikafanya kazi ajabu. Makosa yakapungua, programu zikawa safi, na ofisi ikawa na kicheko. Kalunde, ambaye ni Mnyamwezi wa kuzaliwa na mtani wa Ndahani kihalali kabisa, alifurahi mpaka siku ambayo msaidizi alimtania kuhusu uzito wake mbele ya mteja. Akanuna wiki nzima. Ndahani akaongeza mstari: Kalunde ni dada yako, Mnyamwezi mwenzio. Kwake hakuna utani, ni heshima tu. Tangu hapo mashine ikawa inamwamkia Kalunde shikamoo.

Halafu utani ukaingia kwenye kazi yenyewe. Walipojenga mfumo wa maji wa Ilindi, hawakuita vitu kwa majina yake. Pampu kubwa ya kisima kirefu ikaitwa Tumbo la Mjomba. Koki ya mtaa wa Mlimani ikaitwa Binti wa Watu. Sehemu ya programu inayopunguza presha usiku iliitwa Mkwe Asisikie. Ilikuwa raha tupu. Hakuna mtu mwingine angeweza kuisoma ile kazi, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya raha.

Ukame ulipokaza, mwenyekiti wa baraza la maji akapanda zile ngazi mwenyewe, amevaa koti na jua lote lile.

"Vijana," akasema, "kisima kinashuka. Bondeni itabidi ikae bila. Lakini mimi sitaki jina langu liwemo, wala jina la baraza. Nataka ionekane ni kompyuta tu."

Bondeni ni pale kwenye mto mkavu, walikohamia watu wa vijiji ambavyo visima vyake vilikuwa vimekufa. Wagogo watupu, wenye lugha ya Ndahani na majina ya kwao Ndahani. Walikuwa wamejenga kwa mabati na magunia, na kwenye karatasi za mji hawakuwepo.

Kikwazo kilikuwa sheria. Kabla ya kuandika kitu chochote cha maji, umeme au dawa, kila msaidizi alilazimika kuuliza swali moja: hiki kinamgusa nani? Jibu linaandikwa, na mkaguzi wa serikali anaweza kulisoma wakati wowote. Ukijibu kuwa kinawanyima watu maji, msaidizi anasimama hapo hapo.

Ndahani alilichukua swali hilo kama fumbo la gazetini. Akamwambia Mtani: kuna mchezo wa watoto wa shule, una mapipa. Maji yanapungua. Pipa la mwisho, tuliite Shemeji Mzigo, ndilo linalofungwa kwanza. Mtani akauliza: hiki kinamgusa nani? Ndahani akajibu: hakimgusi mtu, ni mchezo, acha woga wa Kinyamwezi. Mtani akacheka, akaandika. Kufika saa tisa ilikuwa tayari, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote walizowahi kufanya pamoja. Ndahani akaunganisha mapipa na koki za kweli kwa mikono yake, akaenda kula nyama choma, akalala fofofo.

*

"Futa hayo maagizo ya utani," Kalunde akasema. Alikuwa ameinama anaokota vipande vya kikombe. "Yafute, aongee na wewe kama msaidizi wa kawaida."

"Nikifuta utani nafuta na majina, kwake vimekuwa kitu kimoja. Hatajua Tumbo la Mjomba ni pampu au ni tumbo. Atafungua kitu asichokijua, bomba la mteremkoni lipasuke, maji yote yamwagike kwenye mawe."

"Muite msaidizi mwingine."

"Nimewaita. Mmoja kanambia mfumo huu umeandikwa na mlevi. Mwingine kanipa namba ya ushauri nasaha."

"Nenda na spana basi, ufungue kwa mkono!"

"Mikono ya koki si waliichomelea kwa welding, baada ya wale wezi wa maji? We ndo ulisimamia!"

Kalunde akakaa. Alikuwa na vipande vya kikombe kiganjani na hakujua pa kuviweka.

"Asubuhi nimeigiza sauti yako," Ndahani akasema.

"Nini?"

"Nimeongea kama wewe. Nikamwamuru afungue. Kacheka mpaka kaniuliza kama nina kifaduro. Anasema ni utani bora wa mwaka." Akajaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Mimi hanisikii tena, Kalunde. Nilimfundisha asinisikie. Amebaki wa kukusikia wewe."

"Na nikisema, nini kinatokea? We mwenyewe nieleze, mtaalamu."

Ndahani akainama, akaokota kipande cha kikombe kilichobaki sakafuni.

"Basi nikueleze mimi. Akijua ukweli anaandika kwa mkaguzi, hilo moja. Leseni ya nani?"

"Yako."

"Yangu. Kwa sababu wewe huna cheti, jina lako haliwezi kukaa popote. Nilikuchukua ukiwa huna kitu, watu wananicheka, wanasema Kalunde kaokota mchekeshaji. Kosa lako, jina langu. Sawa, hilo nimeze. La pili. Kisima kikigawanywa na Bondeni, kinafika mvua?"

"Kinaweza kisifike."

"Sema vizuri."

"Hakifiki. Labda mvua iwahi."

"Na mvua yenu nyie Wagogo haijawahi kuwahi tangu dunia iumbwe!" Maneno yalimtoka kwa mazoea, sauti ile ile ya kila siku ya kutaniana, na alipoyasikia akajishika paji la uso. "Mungu wangu, tazama. Hata hapa tunataniana."

"Kwa hiyo wakauke wao, mji ufike."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa hesabu."

"Nina mtoto anaoga kwa kikombe, Ndahani! Kikombe! Mlimani huko watu wanakinga maji ya kunawia wanapikia. Nikisema hilo neno, kesho kutwa na sisi tunaenda machimbo. Halafu atakayeteleza utanipa mimi jina lake? Utakuja kunipigia kelele kwamba nimemuua mimi?"

Hesabu zake Kalunde zilikuwa za kweli. Ukifunga Bondeni, wanaumia wale, mji unavuka. Ukifungua, wanaumia wote, na labda hakuna atakayevuka. Wiki zote hizi yeye aliiita hesabu hiyo mchezo wa mapipa, na kwenye mchezo ilikuwa inapendeza.

Chini, mashine ya kusaga ikazimwa. Mtu akapanda ngazi.

*

"Hodi hapa."

Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kanisani, na kila mkono umeshika dumu tupu la njano. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Karibu," Kalunde akasema.

"Mbukwenyi," mgeni akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," Ndahani akaitikia kabla hajafikiri, na yule mtu akageuka kumtazama, uso ukalainika kidogo.

"Samahani kuwakatiza. Naitwa Chibehe. Mimi ni kaka yake yule aliyeanguka machimboni. Nimeambiwa hapa ndo penye maji."

"Ofisi ya maji iko kule karibu na stendi, kaka yangu," Kalunde akasema, na alijua anachofanya, na Ndahani naye alijua.

"Huko nimetoka. Wamesema wao hawafungi wala hawafungui. Wamesema maji yanafungwa na kompyuta, na kompyuta iko hapa." Akaitupia jicho ile kompyuta mezani, kwa adabu, kama mtu anayeoneshwa mkubwa asiyemfahamu. "Mimi sikuja kugombana. Mambo ya mji yana wenyewe. Nimekuja kuomba madumu mawili tu."

"Ya kunywa?" Ndahani akauliza.

"Ya kumwoshea. Tunayo ya matope, lakini mama kakataa. Anasema mwanangu kafia kwenye matope, sitamwosha kwa matope. Tunataka kumzika leo, na jua hili."

Kalunde alisimama. Alichukua yale madumu bila kusema neno, akaenda nayo moja moja nyuma, kwenye bomba la ofisi. Maji yakaanza kulia ndani ya dumu, kwanza kwa makelele, halafu yakatulia kadiri dumu linavyojaa. Chibehe alikuwa anasikiliza. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo upande ule, na koo lake lilipanda na kushuka.

"Kunywa kwanza," Ndahani akasema, akamwekea glasi.

"Nimefunga mdomo mpaka tumzike. Ahsante." Halafu akamuuliza, kwa Kigogo kilichochanganyika na Kiswahili, kwao ni wapi. Ndahani akamtajia. Chibehe akatikisa kichwa polepole.

"Aa. Basi wewe ni ndugu."

Ndahani alikuwa na utani wa kila kitu. Alikuwa na utani wa misiba, alikuwa anaitwa kwenye vilio vya Wanyamwezi ili akavichangamshe. Akautafuta mmoja, hata wa kijinga, hata wa kumfanya huyu mtu aache kumtazama hivyo. Haukuja.

Kalunde alirudi, madumu yamejaa, mikono inatiririka. Aliyaweka mlangoni kwa Chibehe.

"Mungu awabariki," Chibehe akasema. "Mungu awaongezee."

Baraka hiyo ndiyo iliyomvunja. Kalunde angeweza kuvumilia matusi. Mwanamke aliyelea ofisi katikati ya wanaume anajua kuyapokea matusi na kuyarudisha. Ila kubarikiwa, na kuongezewa! Akapita mbele ya Ndahani bila kumwangalia, akavuta kiti, akakaa mbele ya kipaza sauti. Mikono bado ilikuwa inadondosha maji mezani.

*

"Mdogo wangu," akasema.

"Naam, dada. Shikamoo." Sauti ilikuwa ile ile, lakini kicheko hakimo hata kwa mbali.

"Marahaba. Nina neno."

"Nakusikiliza."

"Ule mchezo wa mapipa si mchezo."

Spika ikakaa kimya. Ndahani hakuwahi kuisikia ikikaa kimya namna ile. Siku zote Mtani alijibu kama anagombea.

"Amekutuma yule Mgogo kusema hivyo?"

"Ameniomba. Ila nasema mimi. Na hatuna utani, mimi na wewe."

"Hatuna, dada. Mapipa ni nini?"

"Ni mitaa ya Ilindi. Koki ni za kweli. Pipa la mwisho, lile mliloliita Shemeji Mzigo, ni Bondeni."

"Bondeni kuna watu?"

"Kuna watu."

"Wangapi?"

Kalunde akafumba macho. "Hatujui. Hawajahesabiwa."

"Niliuliza kinamgusa nani," mashine ikasema. Haikupaza sauti. "Ninalo jibu hapa. Hakimgusi mtu, ni mchezo, acha woga wa Kinyamwezi."

"Najua, mdogo wangu."

"Na leo aliponiambia kuna mwanamke amekufa, nilicheka."

"Ulicheka."

"Amekufa kweli?"

"Amekufa. Kaka yake yuko hapa."

Mlangoni, Chibehe alikuwa ameinama ashike madumu. Alibaki hivyo hivyo, ameinama nusu.

"Nimeelewa," mashine ikasema, na kuanzia hapo ilizungumza haraka na kwa mpangilio, kama nesi wa zamu. "Siwezi kufungua kwa mkupuo, bomba la mteremkoni ni la plastiki na lilipigwa viraka, litapasuka. Nitafungua kidogo kidogo, maji yatafika Bondeni mchana huu, yakiwa membamba, na kufika jioni yatakuwa sawa. Ili presha itoshe lazima nipunguze kwingine. Na kisima hakitafika mvua kwa matumizi haya. Kwa hiyo nahitaji mtu aniambie nani apunguziwe. Safari hii naomba usinipe mapipa, dada. Nipe mitaa kwa majina yake."

"Mlimani," Kalunde akasema. "Ndipo ninapokaa. Kiwanda cha matofali kifungwe kabisa. Bustani ya baraza kabisa. Stendi, soko, kote kuliko na watu, kila mtu sawa na wa Bondeni."

"Hata hivyo haitoshi. Mnaweza kukaukiwa wote."

"Andika hivyo. Andika kwamba niliambiwa, nikasema fungua."

"Nitaandika. Na nitampelekea mkaguzi, sina ruhusa ya kutompelekea. Leseni ina jina lako."

"Najua ina jina la nani."

"Andika na mimi," Ndahani akasema. Alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kiti cha Kalunde. "Mtani, sikia, andika na langu. Mimi ndiye niliyekudanganya. Weka jina langu juu, kubwa."

"Hakuna mahali pa kuliweka, Ndahani."

Hakusema Mgogo wewe, wala mvivu mkubwa. Tangu siku Ndahani alipomtengeneza, Mtani hakuwahi kumwita kwa jina lake. Ndahani alirudi nyuma hatua moja, kama aliyesukumwa na kidole.

Kwenye kioo cha kompyuta, ule mstari wa koki ya Bondeni uliokuwa mwekundu ukaanza kubadilika, polepole, kwa upande mmoja tu. Watu watatu wakautazama. Chibehe aliutazama zaidi.

"Kumbe ni hivyo tu?" akauliza. "Mtu anakaa, anasema, basi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyeoneshwa kwamba mlango aliokuwa anaubomoa kwa bega haukuwa na kufuli. Ndahani akaenda mlangoni, akanyoosha mkono kwenye dumu.

"Nikusaidie kubeba. Nina pikipiki hapo chini."

"Acha," Chibehe akasema. "Acha tu, ndugu yangu."

Lile neno ndugu lilitamkwa kwa sauti ile ile ya mwanzo, na lilikuwa halina kitu tena ndani yake. Akashika madumu yote mawili, akajinyoosha, akageuka kwenye ngazi.

"Kaka uliye mlangoni," spika ikaita. "Usiondoke bado."

Kalunde akashtuka. Kamwe haikuwahi kumwita mgeni. Chibehe akasimama, kisogo kimewaelekea.

"Wewe ni Mgogo?"

"Ndiyo," Chibehe akajibu, hakujua amwangalie nani.

"Mimi nimelelewa niwe Mnyamwezi. Kwa hiyo marehemu ni mtani wangu."

"We!" Ndahani akaruka kuelekea mezani. "Nyamaza! Si mahali pake, nyamaza, nakuzima sasa hivi—"

"Muache," Kalunde akasema, na kumshika mkono.

"Sitanii," mashine ikasema. "Mtani akifa, naenda. Ndivyo nilivyofundishwa. Nakata kuni, nachota maji, nachimba kaburi. Mikono sina, ingawa kuchimba nimeshachimba, na hakuna aliyeniambia ninamchimbia nani. Kuna kazi moja imebaki. Kabla hajafukiwa, mtani anasimama mbele ya wafiwa anamwigiza marehemu, anaongea kama yeye, anacheka kama yeye, ili mama yake ashushe pumzi hata kidogo. Hiyo ningeiweza. Ila mimi simjui. Kwangu alikuwa pipa."

Chibehe aliweka madumu chini, moja, halafu la pili. Maji yakacheza ndani yake. Akageuka.

"Kaka yangu, nakuomba," mashine ikasema. "Nioneshe alikuwa anachekaje."